Siku Mbili na Nati Tatu

Shokapu ya mbele upande wa kushoto ilitoka kwa muda wa saa moja na nusu, kwa spana za kawaida na bila jasho la kutaja. Ya kulia ilinichukua siku mbili. Gari ni lilelile, nati ni za ukubwa uleule, na mikono ni hii hii yangu. Tofauti ni kwamba upande wa kulia ulikuwa umeliwa na kutu zaidi, nami nikauendea kwa kiburi cha mtu aliyeshinda mara moja. Nimeona niieleze kazi ile kama ilivyokwenda, kwa sababu maelekezo mengi ya kubadilisha shokapu huandika "fungua nati" kana kwamba ni tendo la sekunde mbili, kisha yakaruka hatua inayofuata, ilhali kwa mtu aliyelala chini ya gari nyumbani kwake, bila lifti wala mashine ya upepo, maneno hayo mawili ndiyo kazi yote.

Kilichonisukuma ni mlio. Kila gurudumu la mbele lilipoingia kwenye shimo dogo, kitu kiligonga mara mbili, na baada ya kutoa tairi nikakuta mwili wa shokapu umelowa mafuta kuanzia kwenye sili, yaani mpira unaozuia mafuta yasivuje, hadi chini, vumbi limegandia juu yake kama tope. Shokapu ikifikia hali hiyo haina dawa isipokuwa kubadilishwa, na busara ni kuzibadilisha zote mbili za ekseli moja, hata kama nyingine bado haijavuja.

Kwenye magari mengi madogo ya siku hizi, shokapu ya mbele na springi yake ni kitu kimoja kinachosimama kama nguzo kati ya bodi na gurudumu. Muundo huo ulibuniwa na mhandisi Mmarekani, Earle MacPherson, katika miaka ya 1940 alipokuwa General Motors, na ukapata nafasi yake baada ya yeye kuhamia Ford, iliyoutumia katika Consul na Zephyr, magari yaliyoonyeshwa Uingereza mwaka 1950. Uzuri wake ni uchache wa vipuri. Ubaya wake, kwa mwenye spana mkononi, ni kwamba nguzo hiyo hiyo inabeba uzito, inapokea mitikiso na inageuka pamoja na usukani, kwa hiyo nati zake za chini hukazwa kwa nguvu kubwa kiwandani na kisha kukaa miaka mingi mahali ambapo gurudumu linarusha maji, mchanga na matope moja kwa moja.

Nati zenyewe si nyingi. Juu, chini ya boneti, ziko tatu ndogo zinazoshika kichwa cha nguzo kwenye bodi. Hizo hukaa pakavu na huwa hazina ubishi. Chini ziko mbili kubwa, kwa kawaida za spana namba 17, 19 au 22, zinazoifunga nguzo kwenye nako, yaani kile kipande kizito cha chuma kinachobeba kitovu cha gurudumu. Pembeni mwa nguzo iko nati ya stabilaiza linki, kifimbo chenye bolijointi, yaani kiungo cha tufe, kila mwisho. Na katikati kabisa ya kichwa cha nguzo iko nati moja inayoshika mti wa shokapu, yaani ile fimbo inayoingia na kutoka ndani yake, ambayo haiguswi kabisa gari likiwa limefungwa kila kitu, kwa sababu ndiyo inayoizuia springi iliyobanwa isifyatuke. Nitairudia hiyo, maana nayo ilinipa shida ya namna yake.

Kabla ya nati yoyote, lilikuwapo suala la gari kusimama. Wengi tunajua kwamba jeki peke yake si ya kutegemewa na kwamba gari huwekwa juu ya stendi, lakini nilichokuwa sijakifikiria ni kwamba stendi imeundwa kubeba uzito unaoshuka wima, si kuhimili mtu anayevuta bomba refu, lililovishwa mpini wa spana, kwa upande kwa nguvu zake zote. Nilipoanza kuvuta niliona bodi inacheza. Nikaacha, nikaweka kabari nyuma na mbele ya magurudumu ya nyuma, nikasukuma tairi nililolitoa chini ya fremu, na tangu hapo nikawa napanga kila mvuto uelekee chini au juu kadiri iwezekanavyo badala ya kwenda kando. Inachosha zaidi, lakini gari halikucheza tena.

Nati ya kwanza kunitoa jasho ilikuwa ya stabilaiza linki. Tatizo lake halikuwa ugumu. Ilizunguka vizuri tu, ila ilizunguka pamoja na bolti yake, kwa sababu mwisho wa pili wa bolti hiyo ni tufe lililomo ndani ya bolijointi, na tufe halina kitu cha kulizuia. Ningeweza kuizungusha nati hiyo hadi jua lizame isisogee hata hesi moja, yaani mstari mmoja wa ile mikato inayozunguka bolti. Hapa ndipo nilipoanza kuelewa jambo ambalo lilinisaidia hadi mwisho wa kazi: nilikuwa naita kila nati isiyotoka "nati ngumu", kumbe sababu za kutotoka ni tofauti kabisa, na dawa ya moja haiifai nyingine. Kuna nati iliyoganda kwa kutu. Kuna inayozunguka na bolti yake. Kuna inayobanwa kwa upande na uzito au springi fulani, hata hesi zake zikalemea upande mmoja. Na kuna ile ambayo imetengenezwa iwe ngumu makusudi, yenye pete ya nailoni ndani au iliyobonyezwa kidogo kiwandani isilegee, ambayo itakaza mwanzo hadi mwisho na hakuna ubaya wowote. Kuongeza nguvu kunafaa kwa ya kwanza, tena kwa kiasi. Kwa zile nyingine ni kuharibu.

Watengenezaji wanalijua tatizo la bolti inayozunguka, ndiyo maana kwenye ncha ya bolti ya linki wameweka tundu la pembe sita la kutia ufunguo, mara nyingi wa milimita 5 au 6. Kwenye linki yangu tundu hilo halikuonekana. Nilidhani halipo. Nilipolisugua kwa brashi ya waya na kulichokonoa kwa msumari mwembamba, ilitoka kutu iliyosagika kama unga wa kahawia, kisha punje za mchanga, kisha kutu tena, na baada ya dakika kumi hivi likatokea tundu safi lenye pembe zake sita zilizo wazi. Nililichokonoa mpaka msumari ulipogonga chuma cheupe, kwa kuwa ufunguo unaoingia nusu tu huparua pembe, na pembe zikishaparuka nafasi hiyo hairudi.

Lakini hata baada ya kuushika ule ufunguo, nati bado ilikuwa nzito, na ufunguo ulianza kujipinda. Nikakumbuka ile sababu ya tatu. Gari likiwa limeinuliwa upande mmoja tu, fimbo ya stabilaiza, inayounganisha pande mbili za magurudumu kupitia linki hizo, inasokotwa: gurudumu la upande ulioinuliwa linaning'inia, la upande wa pili limebeba uzito, na msokoto huo wote unavuta linki. Niliinua upande wa pili nao, magurudumu yote mawili yakaning'inia sawa, na linki ikalegea kiasi kwamba ningeweza kuitikisa kwa vidole. Baada ya hapo nati ilitoka kwa spana fupi. Hakuna mafuta wala moto uliohitajika. Ilikuwa ni kuondoa mvuto usiohusika.

Nikahamia chini, kwenye zile mbili kubwa, na huko kutu ilikuwa ya kweli. Inafaa kuelewa inachofanya. Chuma kikishika kutu hakipungui ukubwa kama mtu anavyoweza kufikiri kwa kuona magamba yakianguka; kutu hujaza nafasi kubwa zaidi ya kile chuma kilichoizaa, zaidi ya mara mbili. Sasa fikiria kutu hiyo inazaliwa ndani ya mwanya mwembamba ulio kati ya hesi za nati na hesi za bolti, pasipo na pa kwenda. Inajishindilia, na kila mwaka inajishindilia zaidi, mpaka vitu viwili vinakuwa kama kimoja.

Dawa ya kwanza ni mafuta ya kupenya, na dawa ya mafuta ya kupenya ni muda. Mimi nilifanya kama wafanyavyo wengi: nikapuliza, nikahesabu dakika tano, nikarukia spana. Mafuta hayo huingia kwa kunyonywa na ule mwanya mwembamba, kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa, na mwanya uliojaa kutu hunyonya polepole mno. Inafaa kupuliza usiku wa kuamkia kazi, na tena asubuhi, na kati ya hapo kuigonga nati kwa nyundo, mapigo mepesi mengi kuzunguka pembe zake, ili kutu ipasuke na kufungua njia. Kabla ya kupuliza, hesi zinazoonekana nje ya nati ni lazima zisuguliwe kwa brashi ya waya, kwa sababu nati itakapoanza kutoka itapita juu ya hesi hizo, na uchafu ulioko hapo utaikwamisha upya. Kwa njia, kopo la WD-40 ambalo wengi tunalichukulia kuwa ndilo mafuta yenyewe ya kupenya lilibuniwa San Diego mwaka 1953 kwa kazi ya kufukuza maji kwenye chuma; herufi za jina lake ni kifupi cha maneno ya Kiingereza "Water Displacement", yaani kufukuza maji, na namba inahesabu jaribio la 40 la kutafuta mchanganyiko huo. Linasaidia kiasi, ila mafuta yaliyotengenezwa mahsusi kwa nati zilizoganda husaidia zaidi.

Kisha soketi. Nilikuwa na seti ya soketi zenye pembe kumi na mbili ndani, zile zinazoingia kwenye nati kwa urahisi kila upande. Urahisi huo una gharama yake: zinaishika nati kwenye ncha za pembe zake tu, na nati iliyoliwa na kutu ncha zake ndizo zilizoisha kwanza. Nilipovuta kwa mara ya kwanza nilisikia "tak!" nikadhani nati imekubali, nilipoichomoa soketi nikakuta pembe mbili za nati zimeanza kuviringika. Niliazima soketi ya pembe sita yenye kuta nene, ambayo inaegemea bapa za nati badala ya ncha, nikaigonga kwa nyundo mpaka ikakaa barabara. Laiti ningeanza nayo.

Sasa nieleze aibu yangu. Nilikuwa nimelala chali, kichwa kikielekea nyuma ya gari, na nati hizo zinatazama nyuma. Nilivuta bomba kuelekea kwangu kwa karibu nusu saa, kwa kupumzika na kuvuta tena, na mara moja nilihisi kwa hakika kwamba imesogea kidogo. Mdogo wangu, ambaye kazi yake ilikuwa kushika taa, alikuwa amechora mstari wa chokaa kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma cha nguzo, kwa kujifurahisha tu.

"Dada," akasema, "huu mstari mbona umeenda mkono wa kulia?"

"Si ndiyo inafunguka?"

"Mimi naona unakaza."

Nilitoka chini ya gari, nikakaa mbele ya nati nikiitazama uso kwa uso, nikageuza kidole hewani. Alikuwa sahihi. Kinyume cha saa ni kinyume cha saa kwa yule anayeitazama nati. Anayeifikia kwa nyuma, au kwa kupitisha mkono juu ya ekseli, akili yake humgeuzia upande bila kumwambia. Tangu siku hiyo, kabla ya kushika nati nisiyoiona vizuri, naiweka nati nyingine ya mkononi ikielekea upande uleule, nakaa kama nitakavyokaa, kisha natazama mkono wangu unakwenda wapi. Na mstari wa chokaa nauchora kila mara, maana ndio unaosema kama ni nati iliyosogea, au ni bomba linalojikunja.

Nguvu nayo ina hesabu yake, na ni vizuri kuifanya kabla ya kuchukua bomba. Msokoto ni nguvu mara urefu. Mtu anayevuta kwa nguvu ya takriban nyutoni 400, ambayo ni kama kubeba uzito wa kilo 40, kwenye mpini wa nusu mita, anapata nyutonimita 200. Akivisha bomba mpini ukafika mita moja, nguvu ileile inazaa 400. Nati nyingi za chini ya nguzo hukazwa kiwandani kati ya nyutonimita 100 na zaidi kidogo ya 200, kwa hiyo ukiwa na mita nzima ya bomba na bado hakuna kinachosogea, si nguvu inayopungua tena. Kutu ndiyo inayoongea, na ukizidisha hapo kitakachokatika ni racheti yako, yaani ule mpini wa soketi unaozunguka kwa meno upande mmoja, au bolti. Racheti, nasisitiza, si ya kazi hii. Meno yake ya ndani ni madogo. Chukua mpini mrefu usio na meno. Na bomba livutwe kuja kwako wala lisisukumwe, maana nati ikikubali ghafla mkono unaosukuma unaishia kwenye chuma. Kama nafasi hairuhusu kuvuta, sukuma kwa kiganja kilicho wazi. Kovu la kwenye kifundo cha kidole changu cha kati lina umri wa wakati ule ambao sikuwa najua hili.

Jambo jingine la bolti hizo mbili ni kwamba kwenye magari mengi zina mikwaruzo ya makusudi chini ya kichwa, mistari midogo inayong'ata chuma cha nguzo ili bolti isizunguke. Bolti ya namna hiyo haizungushwi. Kinachozungushwa ni nati peke yake, na kichwa cha bolti hushikwa tu kwa spana ya ringi kama tahadhari. Aliyeazimu kuzungusha bolti atapigana na kutu na mikwaruzo kwa pamoja, na akishinda atakuwa amelitanua tundu. Pia wapo watengenezaji wanaoweka bolti moja yenye duara lisilo katikati, ya kurekebishia mwegemo wa gurudumu. Hiyo huwekewa alama kabla ya kuguswa, ili irudi palepale.

Nati ya chini ilikubali jioni ya siku ya kwanza. Ya juu ilikataa kabisa, na giza lilipoingia nikaipulizia mafuta, nikaenda kulala na mikono inanuka.

Siku ya pili nilitumia moto. Kwa muda mrefu niliamini kwamba moto "hulainisha" nati, jambo ambalo si kweli kwa joto la kichomeo kidogo cha gesi. Chuma cha pua hutanuka kwa takriban sehemu 12 za milioni za urefu wake kwa kila nyuzi moja ya joto. Nati yenye tundu la milimita 16 ikipandishwa nyuzi 300, tundu lake linapanuka kwa kama sehemu 6 za mia za milimita. Ni unene wa unywele, lakini inatosha kuivunja kutu, mradi nati ipate joto na bolti isipate. Ndiyo maana moto unaelekezwa kwenye bapa za nati, mkali na kwa muda mfupi, kisha spana inawekwa mara moja kabla joto halijahamia ndani. Kuchoma kila kitu taratibu kwa robo saa ni kutanua nati na bolti kwa pamoja, na mwanya unabaki uleule.

Kuzunguka nati hiyo kuna kila kitu kisichopenda moto: mpira wa breki, waya wa kihisio cha ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge wakati wa breki), mpira wa bolijointi wenye grisi ndani, na shokapu yenyewe, ambayo nyingi zina gesi ya naitrojeni yenye shinikizo na hazitakiwi kuchomwa moto hata kidogo. Niliufungua mpira wa breki na waya kutoka kwenye vishikizo vyake, nikavifunga mbali kwa kamba, nikaweka bati kati ya moto na shokapu. Mafuta ya kupenya ya jana yake niliyafuta na kuacha pakauke, kwa kuwa yanawaka. Na mahali palipopulizwa dawa ya kusafishia breki pasichomwe kabisa; baadhi ya dawa hizo zina klorini, na zikikutana na moto hutoa gesi ya sumu kali. Ndoo ya mchanga ilikuwa karibu, na mdogo wangu alikatazwa kuondoka.

Mara ya kwanza haikutoka. Ilipopoa nikaichoma tena, na safari hii, ikiwa bado moto, nikagusisha kipande cha mshumaa kwenye mpaka wa nati na bolti. Nta iliyeyuka ikanyonywa ndani kwa jinsi ambayo mafuta ya jana hayakuwahi kunyonywa. Niliiona ikitoweka kwenye hesi kama maji kwenye mchanga. Nikavuta. Ulisikika mlio mrefu, kama mlango wa zamani, na mstari wa chokaa ukaachana, upande wa kushoto safari hii.

Furaha ile ilinidanganya. Nati ilizunguka mizunguko mitatu, ikaanza kuwa nzito, nami nikazidi kuvuta. Ilipofika katikati ilikwama kabisa, ikiwa ya moto mkononi bila kuchomwa na yeyote. Hilo ni kosa la wengi: kutu iliyosagika inabaki ndani ya hesi kama unga, nati inapoisukuma mbele inarundikana, msuguano unazaa joto, na hesi zinaanza kung'atana. Njia ya sawa ni kurudi nyuma. Nikaikaza nusu mzunguko, nikatia mafuta, nikafungua robo tatu, nikakaza tena robo, nikafuta unga mwekundu uliotoka, nikaendelea hivyo, mbele kidogo na nyuma kidogo, kwa dakika ishirini mpaka ikaanguka sakafuni. Ningeilazimisha, ningebaki na bolti iliyokatika ndani ya nako.

Nati kutoka hakukuwa na maana ya bolti kutoka. Bolti nayo ilikuwa imeganda kwenye tundu. Nikairudisha nati mpaka uso wake ukalingana na ncha ya bolti, ili nyundo ipige nati na isizivimbishe hesi, nikapiga kwa nyundo nzito mapigo machache ya uhakika. Mapigo mengi ya woga huvimbisha ncha tu. Ilipoanza kusogea nikamalizia kwa kipande cha chuma chembamba kuliko tundu. Kabla ya kuichomoa bolti ya mwisho nilikuwa nimeifunga nako kwa waya kwenye fremu, kwa sababu ikiachwa inaangukia nje, inaning'inia kwenye mpira wa breki, na inaweza kuichomoa jointi ya ekseli kutoka mahali pake.

Ilibaki ile nati ya katikati. Nguzo ilikuwa sasa sakafuni, na springi yake bado imebanwa kwa nguvu ya mamia ya kilo. Sitaki kuiongelea hatua hii kama ya kawaida. Vibanio vya springi viwili viliwekwa vikitazamana, kila kimoja kikishika mizunguko mingi ya springi kadiri ilivyowezekana, na vikakazwa kwa zamu, mizunguko michache huku na michache kule, mpaka kichwa cha nguzo kikachezacheza chenyewe bila kubanwa. Kisipocheza, nati haiguswi. Uso hauwekwi juu ya mstari wa nguzo hata mara moja, na kibanio chenye hesi zilizochakaa hakitumiki kwa sababu tu kipo. Asiye na vibanio vizuri na aipeleke nguzo kwa fundi ambaye anavyo. Kuifungua si sehemu ya ushujaa.

Springi ilipolegea, nati ikarudia mchezo wa linki: ilizunguka na mti wa shokapu. Tundu la ufunguo lipo kwenye ncha ya mti, lakini soketi ya kawaida inalifunika, kwa hiyo nilitumia spana ya ringi iliyopinda shingo na kupitisha ufunguo juu yake. Ufunguo ulianza kuparua pembe. Kwa kuwa shokapu ilikuwa ya kutupwa, niliuvuta mti wake nje na kuushika kwa koleo la kujifunga, jambo ambalo mtu asithubutu kwa shokapu atakayoirudisha garini, kwani mkwaruzo mmoja kwenye mti ule unaikata sili kila inapopita. Wenye mashine ya kugonga nati huimaliza kwa sekunde moja, kwa kuwa pigo lake ni la haraka kiasi kwamba mti hauwahi kuzunguka. Mimi nilitumia dakika kumi na matusi mawili.

Nilikuwa nimeandaa grainda kwa ajili ya njia ya mwisho, nayo ni kukata upande mmoja wa nati sambamba na bolti, bila kufika kwenye hesi, kisha kuipasua kwa tindo. Sikuihitaji. Ukiihitaji, vaa miwani ya kazi na ufunike vioo vya gari, kwa kuwa cheche hujichimbia kwenye kioo na madoa yake hayafutiki.

Wakati wa kufunga nilitumia bolti na nati mpya. Za zamani zilikuwa na namba 10.9 kichwani: 10 inasimamia uimara wa takriban megapaskali 1,000 (kipimo cha nguvu kwa eneo) kabla ya kukatika, na .9 inasema bolti huanza kurefuka bila kurudi ikifika asilimia 90 ya hapo. Bolti ya 8.8 inayofanana nayo kwa macho ni dhaifu zaidi na haina kazi mahali hapo. Nilijizuia kuzipaka hesi grisi, ingawa baada ya siku mbili zile mkono uliwashwa kufanya hivyo, kwa sababu vipimo vya kukazia vya gari langu ni vya hesi kavu, na hesi yenye grisi ikikazwa kwa kipimo kilekile inaivuta bolti zaidi ya ilivyokusudiwa. Badala yake, baada ya kukaza kwa spana ya torki, inayopima msokoto, nilipaka nta ya kuzuia kutu juu ya nati na kwenye hesi zilizobaki nje. Nati ya linki niliikaza mwisho, magurudumu yakiwa chini na gari limekaa kwa uzito wake.

Mlio umekwisha. Usukani ulikaa umeinama kidogo kulia, kama ilivyotarajiwa baada ya kufungua sehemu ile, na kesho yake gari likaenda kupimwa mwelekeo wa magurudumu. Ile nati ya juu iko kwenye kopo dirishani, na mstari wa chokaa bado unaonekana kwenye bapa moja.